Nyeusi Juu, Njano Chini

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Waulize wenzangu wa masijala kule Mtumba, watakuambia kwamba faili likichelewa kurudi natembea ofisi kwa ofisi nikilitafuta kwa sauti, na aliyekaa nalo hulinyanyua juu kabla sijafika mlangoni kwake. Foleni siiwezi. Maharage nayachemsha kwa kuyagombeza. Subira yote aliyonipa Mungu ameiweka mahali pamoja tu, kwenye kijiko cha mezani chenye mpini uliopinda, ninachokitumia Jumapili mchana kumiminia bia.

Kazi yenyewe ni hii. Unachukua glasi ndefu, safi, isiyo na hata chembe ya mafuta. Unaiinamisha, unamimina bia ya njano hadi nusu, taratibu, povu lisizidi kidole kimoja. Unaisimamisha na kuacha povu litulie. Kisha unakishika kijiko kifudifudi, mgongo juu, ncha ikigusa glasi kwa ndani, na unamimina bia nyeusi juu ya mgongo huo, polepole kiasi kwamba anayekutazama anaanza kukuonea huruma. Nyeusi inateleza kwenye kijiko, inatambaa, inakaa juu ya njano bila kuzama. Ukiinua kijiko una glasi moja yenye bia mbili, na katikati kuna mstari kama uliopigwa kwa rula.

Nilijifunza kwenye simu, kwa sababu mume wangu anapenda nyeusi na mimi napenda njano, na nilichoka kuona chupa mbili zilizobaki nusunusu kwenye friji. Mwezi wa kwanza sinki la jikoni ndilo lililokunywa zaidi yetu. Mume wangu ni Mhehe, amekulia kwenye ulanzi, kinywaji kinachodondoka chenyewe kutoka kwenye mwanzi bila mtu kuwasha hata kuni moja. Alisimama mlangoni akanitazama nikihangaika, akasema, "Mke wangu, unatenganisha vitu ambavyo vinakwenda kukutana tumboni." Nikamwambia atoke jikoni kwangu. Alitoka, lakini aliendelea kuchungulia dirishani, na siku mstari uliponyooka kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyepiga makofi.

Ungebaki mchezo wetu wa Jumapili, hapa Ipagala, Dodoma, kwenye ukumbi mdogo unaoingiza vumbi hata ukifunga madirisha. Lakini ni glasi hiyo iliyonionyesha kwamba mama yangu alikuwa haoni, na ni glasi hiyo hiyo nusura initenganishe naye.

Mama ni mpika pombe. Sisemi alikuwa, nasema ni. Anaishi kijijini, mbele kidogo ya Kongwa mjini, na anapika pombe ya mtama katika pipa la chuma ambalo babu alidai lilikuwa la mafuta ya matrekta ya wale Waingereza waliokuja Kongwa kulima karanga enzi za ukoloni. Kama ni kweli au babu alitaka tu kuliongezea pipa heshima, sijui. Ninachojua ni kwamba watoto wanne tumesoma kwa pipa lile. Nilipokuwa shule nilikuwa nanuka kimea, ule mtama uliooteshwa kwa ajili ya pombe, na kuna wasichana waliohama dawati kwa sababu hiyo. Niliwachukia sana. Leo mmoja wao ananipigia simu kuniuliza mama anapika lini.

Kwa mama pombe ina sheria, na sheria ya kwanza ni kukoroga. Pombe ya mtama ikiachwa inajitenga: maji yanapanda juu, unga na nguvu vinalala chini. Mpishi anayemchotea mgeni bila kukoroga anamwambia bila kufungua mdomo kwamba, wewe kunywa maji haya, chini nimewawekea watu wangu. Nimewahi kuona mzee akiweka kibuyu chini na kuondoka kwenye nyumba ya watu kwa kosa hilo. Kwa hiyo mama hukoroga. Hukoroga pipa kwa mti mrefu kabla ya kuchota, hukoroga kibuyu kabla ya kukitoa, kisha huonja yeye kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Hata chai hukoroga mara mbili. "Asiyekoroga ana lake jambo," ndivyo alivyokuwa akitufundisha.

Binti yangu alipopata kipaimara tulimwita bibi yake. Alikuja na dumu la lita tano la pombe yake amelipakata, kondakta alipotaka kulipeleka kwenye buti alikataa katakata. Mume wangu alimpokea stendi. Mama akamsalimia kwanza kwa heshima zote za mkwe, halafu, kama kawaida ya watani wanaowasingizia Wahehe kula mbwa, akamuuliza kama mbwa wa Ipagala bado wametimia idadi au Wahehe wameshawapunguza. Walicheka hadi nyumbani. Mimi nilimpigia magoti, nikamwamkia, akanishika uso kwa mikono miwili, akaupapasa paji, mashavu, kidevu. Nilidhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi, ila hayakuwa peke yake.

Hapa lazima niseme kitu. Tulikuwa tunajua mama ana shida ya macho. Miaka miwili hivi kaka zangu walikuwa wakimwomba akapimwe, naye akijibu kuwa anaona vizuri, vumbi tu la Kongwa. Nilimsihi kwa simu, nikamgombeza kwa simu. Alikuwa anasema, "Naona kinachonihusu," halafu anauliza habari za watoto. Tukaamini kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi, na pombe yake iliendelea kuja nzuri.

Jumapili ile baada ya misa tulikaa uani chini ya turubai. Walikuwepo majirani, walikuwepo wenzangu wa ofisini, na mimi nilikuwa nimejiandaa kuonekana. Nilipanga glasi kumi na mbili mezani, kijiko mkononi, na kwa sababu nilitaka sifa zaidi, chini kabisa nilitangulia na juisi ya zabibu nzito niliyoichemsha mwenyewe, zabibu za hapa hapa Dodoma. Zambarau chini, njano katikati, nyeusi juu. Watu walitoa simu wakapiga picha. Mkuu wangu wa idara, mtu ambaye sijawahi kumwona akishangazwa na jambo, alisema "Aisee" mara tatu.

Glasi ya kwanza ni ya mama. Nikaibeba kwa mikono miwili kwenye sahani, kijiko pembeni kwa sababu sikuwa na pa kukiweka, nikapiga goti, nikamwambia, "Mama, hii nimeitengeneza kwa mikono yangu." Akapokea. Mkono wake ukatambaa kwenye sahani, ukagusa ukingo, ukakigusa kijiko. Akakichukua, akakizamisha kwenye glasi mpaka chini, na akakoroga. Alikoroga vizuri, kama anavyokoroga siku zote, raundi sita au saba, mpaka vyote vitatu vikawa rangi moja ya maji ya dimbwi. Akaonja. Akasema, "Tamu. Ila umezidisha sukari."

Uani kote watu wakaangua kicheko. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote na ndani nilikuwa naungua. Nikawaeleza wageni kwamba kwetu pombe haitolewi bila kukorogwa, mama ameona kijiko akajua nimempa ili akoroge, kosa ni langu mimi niliyeleta kijiko. Wakafurahi zaidi. Mkuu wa idara naye akaomba kijiko akakoroga ya kwake, kwa heshima ya mila, na baada yake wengine. Nusu saa ya kazi yangu ikaisha namna hiyo. Mama alikaa katikati yao akitabasamu, akigeuza uso kila sauti ilipotokea.

Jioni tulipokuwa tunaosha vyombo, mume wangu alisuuza glasi moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akasema, "Mama hakukoroga kwa ajili ya mila."

"Una maana gani?"

"Ulipomwekea sahani, mimi nilikuwa nimekaa karibu naye. Aliniuliza kwa chini, 'Mkwe, ni chai?'"

Nilitaka kumbishia. Nikakumbuka mkono ulivyotambaa kwenye sahani. Nikakumbuka kwamba asubuhi alivaa gauni lake la kanisani ndani nje, nikamgeuzia nikicheka. Nikakumbuka alivyompa jirani pole ya safari akidhani ni dada yangu. Vitu hivi nilikuwa nimeviona kimoja kimoja, na kila kimoja nilikipa sababu yake.

Mtu mwenye busara angekaa na mama, akamshika mkono, akazungumza naye. Mimi nilimtega. Naandika hili nikiwa na aibu na sitaki kulipamba. Jumatatu nilirudi kutoka kazini mapema, nikachukua glasi, nikamimina bia ya njano peke yake hadi juu, nikampelekea sebuleni.

"Mama, leo usikoroge kwanza. Itazame. Mstari umekaaje?"

Akaielekeza glasi kwenye mwanga wa dirisha. Akaikagua kwa makini, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesoma. "Ee, safi," akasema. "Hiyo nyeusi imekaa vizuri kabisa huko juu."

"Mama, humo hakuna nyeusi."

Nilisema hivyo, kwa sauti ile ile ninayotumia kwa watu wanaokaa na mafaili. Aliiweka glasi chini, akaitafuta meza kwanza kwa vidole, akahakikisha imekaa. Hakupandisha sauti. Alisema, "Nimekuzaa, nimekulea, nimekusomesha. Leo umenipa mtihani." Kisha akainuka akaenda chumbani, na niliposikia zipu ya begi nilijua nimeharibu. Kesho yake alfajiri mume wangu alimsindikiza stendi. Mimi nilisimama mlangoni na "Mama nisamehe" yangu, akaipitia kama mtu anayepita nyumba isiyo na watu.

Wiki tatu hakupokea simu yangu. Ya mume wangu alipokea. Nilikaa pembeni nikisikiliza akimsalimia, wakitaniana, naye akiuliza habari za wajukuu, za paka, za mwenye duka la jirani, kila mtu isipokuwa mimi. Nilikuwa nalia jikoni kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mwenyewe. Niliogopa vitu viwili. Niliogopa kwamba atapofuka kabisa, na niliogopa kwamba atapofuka tukiwa hatusemeshani. Kaka yangu mkubwa alishauri tumchukue kwa nguvu, tufunge nyumba, pipa tumpe mtu. Nikamwambia akijaribu atanikuta mlangoni.

Jumamosi ya nne nikaomba radhi kwa miguu. Nilifunga sukari kilo mbili, majani ya chai na kitenge kipya, na chini kabisa ya begi, nimeviviringisha kwenye kanga, nikaweka chupa mbili, glasi moja na kijiko changu. Nilishuka Mbande, kwenye njia panda ya Kongwa, nikachukua bodaboda. Nilipofika nje ya boma lake nilisimama kwenye uwazi wa ua. Mama alikuwa amekaa chini kwenye gunia, mbele yake kimea kimetandazwa kukauka, na alikuwa akichukua mbegu moja moja akizipitisha katikati ya kidole gumba na cha shahada, kisha anazipeleka puani.

"Viatu hivyo vya ofisini vitajaa mchanga," alisema bila kugeuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa palepale mchangani na sketi yangu ya kazini. Nikasema, "Mama, nilikosea. Sikupaswa kukutega. Nimekuja kuomba radhi, sikuja kukuchukua." Akanisogezea sehemu ya kimea, nikaanza kuchambua naye. Tulichambua kwa muda mrefu. Nilimwona akiweka upande wa nzuri punje tatu zilizokuwa na ukungu wa kijani, nikazitoa kimyakimya, na yeye akasikia.

"Umetoa ngapi?"

"Tatu."

"Ukungu?"

"Ndiyo, mama."

Hapo ndipo aliponiambia. Mbegu kuota anaijua kwa kidole. Pombe kuiva anaijua kwa sikio, akiweka kichwa kwenye pipa anasikia povu linavyosema, na kwa hilo, alisema, macho hayamsaidii na hayakuwahi kumsaidia. Ila ukungu hauna sauti, na ukianza kidogo hauna harufu. Mwezi uliopita alipika kimea chenye ukungu bila kujua. Pombe ikatoka na uchungu kwa mbali. Watu walikunywa, hakuna aliyesema neno. Lakini mzee mmoja wa jirani, anayekunywa kwake tangu mimi sijazaliwa, aliweka kibuyu chini kikiwa nusu, akashukuru, akaaga.

"Nusu," mama alisema. "Nilikishika mwenyewe kile kibuyu. Nusu nzima. Mimi sijawahi kuachiwa kibuyu nusu."

Sijawahi kumwona mama akilia kwa ajili ya msiba wa mtu aliyekuwa akiugua, husema amepumzika. Kwa kibuyu kile alilia. Nilimkumbatia, naye akaniacha nimkumbatie.

"Kwa nini hukutuambia, mama?"

"Mkishajua sioni, mtanifungia. Mtanikalisha kwenye kochi lako kule Ipagala, mnaniwekea chakula mkononi. Pipa mtagawa. Nitakuwa nani?"

Ningeweza kusema hapana, hatutafanya hivyo. Lakini nilikumbuka maneno ya kaka na nikaona hakuwa amekosea sana. Nikamwambia ukweli, kwamba kaka alishasema hivyo na mimi nilishamkatalia. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyehakikishiwa hesabu yake. Halafu, baada ya kujifuta uso na ncha ya kanga, akauliza, "Ile pombe yako. Walikuwa wanashangilia nini siku ile?"

Nikafungua begi. Chupa zilikuwa zimepata joto la safari, bia ya moto kabisa, na bia ya moto ina povu kaidi. Nikamwomba kigoda, nikaweka glasi juu yake. Mama akajisogeza nyuma yangu, akaniambia, "Ngoja," akaushika mkono wangu wa kulia kwenye kifundo, ule wenye chupa. Nikamimina ya njano. Nikasubiri povu. Nikashika kijiko kifudifudi, nikaanza nyeusi. Kila nilipotaka kuharakisha, vidole vyake vilinibana kidogo. Sikumwambia afanye hivyo. Alikuwa anasikiliza mlio wa kimiminika na alijua kabla yangu lini mkono unataka kukosea.

"Imekaa?" aliuliza nilipomaliza.

"Imekaa."

"Nieleze."

Nikamweleza: njano kama mtama uliokauka, nyeusi kama sufuria la pombe kwa nje, na katikati mstari usiozidi unene wa uzi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nimepika pombe maisha yangu yote," akasema. "Sijawahi kuona pombe ikikaa juu ya pombe."

"Na bado hujaiona, mama."

Nilishtuka mara ilipotoka. Lakini alicheka, kicheko chake cha tumboni, cha zamani. Nikamsogezea glasi. Akaisukuma kurudi kwangu. "Kunywa wewe. Mimi nitaikunywa nikiiona." Akapangusa mikono, akarudi kwenye kimea chake, akachambua kidogo, ndipo akatoa masharti. Apelekwe na mimi, asipelekwe na kaka. Watu wa kijijini waambiwe amekwenda kuwatembelea wajukuu. Pipa lisiguswe na mtu. "Na jicho moja kwanza," akasema. "Wakiliharibu, nibaki na hilo lingine la kulindia pipa."

Daktari alikuwa kijana, alimwamkia mama kabla ya kumwangalia, na hilo lilisaidia sana. Alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, amekomaa, angeweza kutolewa zamani. Nilimwona mama akisubiri nitamke, "Si nilikuambia?" Nilijiuma ulimi kwa nguvu zangu zote. Alipoambiwa anaweza kufanyiwa macho yote, moja baada ya jingine, alirudia sharti lake la jicho moja, na daktari akakubali huku akijizuia kucheka.

Usiku ule wa baada ya upasuaji sikulala. Asubuhi muuguzi alipofungua bandeji, mama alifumba jicho, akalifumbua, akalifumba tena. Akamtazama muuguzi. Akautazama ukuta, dirisha, beseni la bluu chini ya kitanda. Mwisho akanigeukia mimi, akanikagua kutoka juu mpaka chini kama mtu anayenunua mbuzi.

"Kumbe una mvi," akasema.

Nikajibu kwamba ninazo tangu mwaka juzi. "Hakuna aliyeniambia," alilalamika, na muuguzi ikabidi atoke nje kucheka.

Alikaa kwetu wiki kadhaa akiwekewa dawa ya matone, akikatazwa kuinama, akikatazwa moshi. Alikaa kwenye lile kochi aliloliogopa, akasoma kwa sauti maandishi ya kila mfuko wa unga uliokuwa jikoni. Aliniambia mapazia yangu ni machafu. Alimwambia mume wangu kwamba sasa anaweza kuhesabu mbwa mwenyewe. Siku daktari alipomruhusu kula na kunywa atakacho, tulirudi nyumbani mchana, akakaa kwenye meza ya jikoni, akasema, "Haya. Lete."

Nilitoa glasi, chupa mbili na kijiko. Nimemimina glasi hizo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, mbele ya wakubwa na wadogo, na nimeshazoea kusubiri. Siku hiyo niliharakisha. Ya njano iliingia na povu jingi. Sikusubiri litulie. Nyeusi iliteleza upande mmoja wa kijiko, ikapasua njia, ikazama. Nikajifanya sikuona. Nikamwekea mezani, nikarudi nyuma nikashika ukingo wa sinki.

Mama aliinamisha kichwa. Akaisogeza glasi, akaizungusha taratibu juu ya meza, robo, nusu, akairudisha.

"Hii imechanganyika," akasema.

"Nini, mama?"

"Imechanganyika. Nyeusi imeingia kwenye njano, upande huu wa kijiko. Hapa kuna kitu kama wingu. Na hapo chini imeshuka mpaka kitako." Akaigusa glasi kwa kidole, pale pale. "Siyo hivi ulivyonieleza kule nyumbani. Rudia."

Nimekosolewa mara nyingi maishani na karibu kila mara nimejibu. Siku hiyo nilikaa kwenye ndoo ya maji iliyofunikwa, nikafunika uso kwa taulo la vyombo na kulia. Mume wangu alikuja mbio kutoka uani. Mama akamwambia, "Mwache. Amekosea kumimina." Kisha kwangu, kwa upole zaidi, "Inuka mwanangu. Usiharakishe."

Niliosha glasi, nikaikausha, nikaanza upya. Hakunishika kifundo cha mkono mara hii, lakini nilimimina kana kwamba amenishika. Nilipoinua kijiko, nyeusi ilikuwa juu, njano chini, na mstari katikati haukuwa na kasoro. Nikaiweka mbele yake, kijiko nikakiacha pembeni.

Aliitazama muda mrefu. Mume wangu na mimi tulisogea karibu na meza. Aliitazama kwa jicho jipya, akalifumba akaitazama kwa lile la zamani, akatikisa kichwa, akarudi kwenye jipya.

"Nimeiona," akasema.

Akanyoosha mkono ukaenda moja kwa moja kwenye kijiko, bila kupapasa chochote. Akakizamisha mpaka chini, akakoroga raundi sita au saba mpaka ikawa rangi moja. Akaonja yeye kwanza, mbele ya macho yetu. Kisha akanipa.